Wokovu wa Msemaji wa Serikali

Kabla hujaniuliza, nchi ninayoisimulia si yako. Yako ina mambo yake na mimi simo. Ya kwetu ni nchi ya Mungu. Imeandikwa hivyo kwenye katiba, kwenye sarafu, na ubavuni mwa magari yanayowamwagia waandamanaji maji ya kuwasha.

Kwetu baraza la mawaziri hufungua kikao kwa sala, na kwa kuwa mawaziri wetu ni watu wa sala ndefu, mara nyingi kikao huishia hapo hapo. Askari wa barabarani hakusimamishi bila kusema "Bwana asifiwe", nawe ukishaitika "Amina" anajua mmeelewana. Wafungwa gerezani hufunga kula mara nyingi kuliko watawa, ingawa wao hawaambiwi mapema. Mimi napiga tarumbeta katika Bendi ya Injili ya Serikali, kwa hiyo mengi ya nitakayosema niliyaona kwa macho yangu, mashavu yakiwa yamejaa upepo.

Msemaji Mkuu wa Serikali wakati huo alikuwa Hezroni Lutandula, mtu mrefu, mwenye sauti nzito ya kupoza. Njaa ilipoingia kaskazini, Hezroni alitangaza mfungo wa kitaifa. Umeme ulipokatika mji mzima, aliwapongeza wananchi kwa kuipa mishumaa heshima yake. Bei ya sukari ilipopanda, alisema haikupanda, imeinuliwa, kama wanyenyekevu wanavyoinuliwa. Tulimpenda. Ukimsikiliza Hezroni, hata kidonda chako unakiona kimekauka.

Kasoro yake ilikuwa moja tu: hakuwa ameokoka. Kwetu mtu anaweza kuwa na mengi na akavumiliwa, lakini uwaziri bila wokovu haupati. Mkewe, Yunisi, alikuwa akimwombea tangu siku ya arusi. Yunisi alikuwa mwalimu wa kwaya ya watoto katika Kanisa la Shukrani, kanisa kubwa kuliko yote mjini. Lilijengwa na Waziri wa Ujenzi, Mheshimiwa Filemoni Ndashika, kumshukuru Mungu kwa kumfanya Waziri wa Ujenzi. Alilimaliza upesi sana baada ya kuapishwa, jambo lililotuonyesha jinsi baraka za wizara ile zilivyo za haraka.

Basi ukaja mkutano mkubwa wa injili uwanja wa taifa. Alihubiri Askofu Jotamu Mbelwa, ambaye ndiye askofu wa Rais, wa mawaziri, na wa sisi wengine nafasi ikibaki. Alisema kwamba kila neno ambalo mtu amewahi kulitamka, siku moja atalisikia tena. Alilisema kama anavyolisema kila mwaka. Lakini mwaka ule Hezroni alisimama kwenye viti vya wageni rasmi, akashuka ngazi, akaenda mbele na kupiga magoti.

Waziri Ndashika alimnong'oneza jirani yake, "Kumbe anautaka uwaziri." Maana Waziri wa Habari alikuwa mgonjwa na kiti chake kilikuwa kinapata baridi.

Hezroni alilia. Alilia kama mtu aliyefiwa, kamasi zikishukia tai. Sisi wa bendi tulidhani ni mbinu, tena tuliisifu. Askofu alimwekea mikono kichwani, wapiga picha wakapiga, magazeti yote yakaitoa picha ile ukurasa wa kwanza. Yunisi alicheza pale uwanjani hadi kiatu kikamvuka.

*

Jumatatu Hezroni alikutana na waandishi wa habari kama kawaida.

"Msemaji," akauliza mwandishi mmoja, "zipo taarifa kuhusu dawa katika hospitali ya mkoa. Serikali inasemaje?"

"Hakuna," akasema Hezroni.

"Hakuna tatizo?"

"Hakuna dawa."

Waandishi walikuwa wameshaandika "hakuna tatizo", kwa mazoea. Ikabidi wafute.

"Rudia tafadhali, Msemaji."

"Hakuna dawa. Zilikuwepo, zikauzwa. Mwezi uliopita niliwaambia zipo, na nilijua hazipo. Nilisema uongo. Naomba mnisamehe."

Televisheni ya taifa ikakata matangazo, ikaonyesha maporomoko ya maji na wimbo wa sifa. Maporomoko yale tuliyatazama hadi chakula cha mchana.

Mchana huo huo Hezroni aliitwa na Waziri Ndashika, ambaye alikuwa akikaimu na Wizara ya Habari. Askofu Mbelwa alikuwa ameshafika. Yaliyosemwa mle ofisini nilisimuliwa na Hezroni mwenyewe baadaye, na huyo siku hizi ukimwuliza kitu lazima akujibu.

"Kaa, Ndugu Hezroni," Waziri akasema.

"Siwezi kukaa, Mheshimiwa." Na kweli hakuweza. Tangu siku ile ya uwanjani miguu yake ilikuwa haitulii. Alitembea kutoka dirishani hadi mlangoni, akarudi, akagusa pazia, akaliacha. "Kila nikikaa nasikia yale maneno yangu. Yanarudi moja moja."

"Mwanangu," Askofu akasema, "wokovu ni hazina. Na mwenye akili hatembei na hazina mkononi. Huiweka mahali salama, akaitembelea Jumapili."

"Baba Askofu, ulisema ndiyo ya mtu iwe ndiyo."

"Nilisema katika mahubiri," akajibu Askofu kwa upole. "Usichukue jambo la madhabahuni ukalipeleka ofisini. Hata Mungu anajua mipaka ya wizara."

Walitaka kumfukuza, wakashindwa. Picha yake na Askofu ilikuwa bado imebandikwa mitaani. Kumfukuza mtu kwa sababu ameokoka ni kuwatesa Wakristo, na nchi yetu, kama unavyojua, haiwatesi Wakristo. Kwa hiyo wakampa likizo ya kiroho, akapumzike mpaka apoe.

Hakupoa. Alizunguka mjini kwa miguu asubuhi na jioni, na watu wakaanza kumfuata. Walikuwa hawajawahi kuona kitu kama kile, mtu wa serikali ambaye ukimwuliza anakujibu. Walianza na mambo madogo, kama wanaojaribu kina cha maji kwa fimbo. Mwanamke mmoja buchani alimshika mkono.

"Mzee Lutandula, hii nyama ni ya leo?"

Hezroni akainusa. "Si ya leo, mama."

Mwenye bucha alimfukuza kwa panga. Lakini habari ilienea. Kabla ya mvua za vuli hapakuwa na mtu nchini aliyeaminiwa kama Hezroni Lutandula. Na serikali, ambayo husemwa haiwasikii wananchi lakini huwasikia sana, ikalisikia na hilo. Ikafikiri, ikaona: kumbe tuna mdomo unaoaminika, na tumeuacha nyumbani bila kazi!

*

Hapo ndipo inapoingia habari ya daraja.

Mto Kiroro unakata nchi yetu katikati. Ng'ambo yake kuna watu wa Kitope, ambao kwa miaka yote walivuka kwa kushika kamba. Wajawazito walivushwa kwa kamba hiyo hiyo, na si wote waliofika. Kwa hiyo daraja lilipoanza kujengwa, watu wa Kitope waliimba kila nguzo iliposimama. Waziri Ndashika alilipa jina: Daraja la Imani.

Lilipokamilika, watu wakaanza kunong'ona. Mafundi walisema upepo ukivuma daraja linaitikia. Mbuzi walioletwa kulijaribu waligoma katikati na kurudi. Mnong'ono ulivuka mto, na siku ya uzinduzi ilikuwa imeshapangwa, Rais ameshakubali kuja.

Waziri akamwita Hezroni. Safari hii alimsubiri mlangoni.

"Ndugu yangu, watu wanakuamini kuliko sisi. Simama tu siku ya uzinduzi useme neno moja: ni imara."

"Ni imara?"

"Ukisema wewe, litakuwa imara."

"Nani alilipima, Mheshimiwa?"

Waziri alitazama saa yake. "Hezroni, wewe si umeokoka? Imani ni kuwa na hakika ya mambo yasiyoonekana."

"Ufa unaonekana," akasema Hezroni. Alikuwa ameshakwenda kuliangalia. Hata hivyo aliahidi atakuja, na atasema. Waziri alisikia alichotaka kusikia, akamshika mkono kwa mikono yote miwili.

Aliyelipima daraja alikuwa mhandisi wa wizara, Bi Penina Gwelo. Baada ya kukataa kulipitisha alihamishiwa Idara ya Nyuki, ambako Hezroni alimkuta amekaa mbele ya mizinga mitupu.

"Nondo zilizomo ni nusu ya zinazotakiwa," Penina akamwambia moja kwa moja. "Niliandika, nikaletwa huku. Wakipita wachache polepole, huenda likawavumilia. Ukijaza watu, linakwenda nao."

"Na hizo nondo nyingine zilikwenda wapi?"

Penina akageuza uso.

"Kamwulize mkeo," akasema, "anaimbisha watoto chini ya paa gani."

*

Hezroni alimkuta Yunisi sebuleni anapiga pasi sare za kwaya, mashati meupe yamejaa kila kiti.

"Mama Tirza," akamwita kwa jina la binti yao, ambaye ameolewa mbali. "Wakati mnajenga kanisa, nondo zililetwa na nani?"

Pasi ilikwenda, ikarudi. "Na magari."

"Magari ya nani?"

"Baba Tirza, unaniuliza kama polisi." Aligeuza shati upande wa pili. "Magari yaliandikwa daraja. Mimi nilikuwa kwenye kamati ya mapokezi, nikayapokea. Mheshimiwa akasema ni sadaka yake. Wewe ungemwambia nini mtu anayemletea Mungu sadaka? Umwambie subiri kwanza nikukague?"

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua yameandikwa daraja! Nikasema labda yameazimwa. Nikasema labda zimezidi. Nikasema…" Kisha akaweka pasi kwa kishindo. "Na wewe je? Wewe umesema uongo kwa mshahara miaka yote hiyo, na nguo hizi umeninunulia wewe, na nyumba hii ni ya serikali. Leo ndio unaniuliza habari za nondo? Nilikuombea uokoke, Hezroni. Nimefunga, nimekesha. Lakini namna hii sikuomba! Nilitaka mume wa kukaa naye kanisani, kiti cha mbele, basi."

Hezroni alikuwa anazunguka meza. Alikuwa anaogopa, na hakuficha. "Nikisema kesho, tutatoka humu ndani. Labda watanifunga. Sijui kama naweza, mke wangu."

"Basi usiseme. Nyamaza tu. Kunyamaza si uongo."

"Na watakaopita?"

Yunisi alikuwa ametazama yale mashati, moja baada ya jingine, kama aliyeyaona sasa hivi. Harufu ya kuungua ikasikika.

"Wa kwanza kupita ni sisi," akasema polepole. "Askofu amepanga. Kwaya ya watoto itavuka ikiimba, halafu ndiyo wakubwa wafuate."

Ndipo Yunisi akaunyanyua waya wa pasi na kuuchomoa ukutani.

"Labda litashika," akasema.

"Labda," akasema Hezroni.

*

Siku ya uzinduzi jua liliwaka kana kwamba nalo lilialikwa. Sisi wa bendi tulipangwa kushoto mwa daraja, kwaya kulia, wananchi nyuma ya kamba. Ng'ambo, watu wa Kitope walikuwa wamejaa ukingoni na matawi mikononi. Rais alikuja kwa helikopta. Rais wetu kwa mujibu wa katiba hakosei, na kwa mujibu wa kanisa hutubu kila Jumapili, na mambo yote mawili huyafanya vizuri.

Waziri Ndashika alihutubia. "Mataifa mengine," alinguruma, "yamejenga madaraja kwa saruji. Sisi tumejenga kwa maombi!" Hilo lilikuwa kweli kuliko alivyokusudia, lakini tulipiga makofi.

Utepe ulikatwa. Mshereheshaji akatangaza kwamba sasa daraja litavukwa, na kwa heshima akamwomba mkandarasi atangulie.

Mkandarasi akainama. "Mimi ni nani nimtangulie Mheshimiwa Waziri?"

Waziri akatabasamu, akarudi nyuma hatua moja. "Hili ni daraja la imani. Kwenye mambo ya imani, serikali haiwezi kulitangulia kanisa. Baba Askofu, karibu."

"Kanisa," Askofu akasema, naye akirudi nyuma, "haliingilii kazi za serikali. Tulishakubaliana hilo. Tangulia, Mheshimiwa."

"Sithubutu."

"Nasisitiza."

Walipendana sana siku ile. Kila mmoja alimheshimu mwenzake mpaka wote wakawa wamerudi nyuma hadi kwenye viti. Sisi tukaambiwa tupige wimbo, tukapiga. Tukarudia. Watu nyuma ya kamba wakaanza kuhamisha uzito kutoka mguu huu hadi ule. Watoto wa kwaya walikuwa wanajikuna. Kutoka ng'ambo mwanamke mmoja akapiga kelele, "Njooni basi! Tumewasubiri tangu enzi za babu zetu!"

Askofu akasimama, uso umepata nuru. "Tumesahau ratiba! Bwana aliwapenda watoto, akawapa nafasi ya mbele katika ufalme wake. Leo na tuwape nafasi ya mbele katika daraja. Lakini kwanza, Ndugu Hezroni Lutandula atatupa neno."

Hezroni alifika kwenye kipaza sauti akitembea kama mtu mwenye homa. Kila mtu akanyamaza. Hata ng'ambo walinyamaza.

"Ndugu zangu," akasema, na ile sauti yake nzito ikawa nyembamba, "daraja hili msipite. Nondo zake ni nusu. Nusu nyingine…"

Kipaza sauti kikakatwa. Alionekana bado anafumbua mdomo. Waziri akatugeukia, "Bendi!" nasi tukapiga. Nilipiga kwa nguvu zangu zote, maana mimi ni mtumishi wa serikali, na wimbo ulikuwa unahusu furaha.

Hezroni akaacha kusema. Akatembea hadi kwenye mdomo wa daraja, akalala chini, kifudifudi, kukingama njia, na suti yake. Nilikuwa karibu. Miguu ilikuwa inamtetemeka hadi viatu vinagonga saruji.

"Mwondoeni," Waziri akawaambia askari. "Kwa upendo."

Walimwondoa kwa upendo, wawili miguuni na mmoja kwenye ukosi, na aliyeshika ukosi alikuwa anasali. Alipowekwa pembeni alijaribu kurudi, wakamkalia.

Askofu akampungia mkono Yunisi. Yunisi akasimama mbele ya kwaya, amewapa mgongo viongozi, na akainua mkono kama ainuavyo siku zote kabla ya wimbo. Watoto wakavuta pumzi. Nasi tukashusha vyombo, tukisubiri aushushe.

Hakuushusha. Mkono ulibaki juu, na tukauona unachoka. Watoto wakaachia pumzi, wakatazamana, wakavuta nyingine. Askari aliyemkalia Hezroni akasahau kusali.

"Kaeni chini," Yunisi akasema.

Watoto hawakuamini. Sare zilikuwa nyeupe.

"Nimesema kaeni. Hapo hapo."

Wakakaa mavumbini, wote, kwa fujo na furaha, kama watoto.

"Mwalimu!" Askofu akapaza sauti. "Umewafanya watoto hawa wakose imani?"

Yunisi akageuka. Uso wake ulikuwa umelowa, sijui ni jasho au nini. "Imani wanayo, Baba Askofu. Wasichokuwa nacho ni nondo. Ziko kanisani kwetu. Nilizipokea mimi, nikaimba haleluya."

Hakuhitaji kipaza sauti. Ni mwalimu wa kwaya. Maneno yale yalivuka mto. Ng'ambo matawi yakashuka. Nyuma ya kamba mtu mmoja akasema, "Waziri atangulie." Mwingine akalichukua, na kabla hujameza mate umati mzima ulikuwa unaimba, "Tangulia, Mheshimiwa! Tangulia!"

Rais alimtazama Waziri wake. Rais wetu hasemi pale ambapo kutazama kunatosha.

Waziri Ndashika akajipangusa shingo. Akatembea hadi kwenye daraja na kuweka mguu mmoja. Akaweka wa pili. Akafumba macho na kuinua mikono, midomo ikicheza. Upepo ukaja kutoka mtoni chini, na sisi tulio karibu tukasikia daraja likiitikia, sauti ndogo kama ya meno. Waziri akafumbua macho. Akarudi kinyumenyume hadi kwenye ardhi.

"Bwana ameniambia," akasema, "si leo."

"Amina," akasema Rais, na akapanda helikopta.

*

Hezroni alishtakiwa kwa kosa la kukosa imani hadharani. Hakimu alimuuliza kama ana la kujitetea, naye akasema hana, kweli alilala pale, na angelala tena ingawa anaogopa. Akafungwa mpaka baada ya Krismasi. Nyumba ya serikali ikarudi serikalini. Yunisi aliondolewa kwenye kwaya na baraza la kanisa kwa kuketisha watoto bila idhini. Alipanga vyumba viwili karibu na mto, akawa anauza mihogo ya kuchemsha.

Usidhani watu wote waliwasifu. Wapo wa Kitope waliovuka kwa kamba kuja kumtukana Yunisi. "Bora tungekuwa na daraja bovu," wakamwambia, "kuliko kuwa na mume wako mzuri." Mmoja alikuwa amezika mke mwezi ule, wakimvusha kwa kamba kwenda kujifungua. Huyo Yunisi alimpa muhogo, na yule mtu akaula akilia.

Mvua za masika zilipokuja, Kiroro ukafura, na asubuhi moja daraja likaondoka. Halikuwa na mtu juu yake. Msemaji mpya wa serikali alisema halikuanguka. Limejishusha, kwa unyenyekevu.

Ikatangazwa siku ya shukrani ya kitaifa. Uwanja ulijaa. Waziri Ndashika alitoa ushuhuda: jinsi alivyosimama peke yake juu ya daraja, jinsi sauti ilivyomwambia si leo, na jinsi kwa utii wake maelfu wakaokolewa. Askofu alimvisha nishani ya Shujaa wa Imani. Watu walilia. Tulipiga tarumbeta hadi midomo ikavimba, na ushuhuda ule ulipendwa kiasi kwamba aliombwa aurudie mkoa kwa mkoa, na kila mkoa sauti ya Bwana ilizidi kuwa ndefu.

Hezroni na Yunisi hawakualikwa.

Sasa, wiki kadhaa baada ya hapo nilikuwa kwao. Tangu Yunisi aondolewe, watoto wengi wa kwaya humfuata uani kwake jioni kuimba, nami huwapigia. Serikali haijaniuliza jambo hili, nami sijaona sababu ya kuisumbua. Siku ile watoto walikuwa wameshaondoka. Yunisi alikuwa anamenya mihogo, Hezroni anapasua kuni, vibaya. Akaingia mtu kwa miguu, peke yake, kofia imeshuka hadi machoni. Alipoivua tukaona ni Waziri Ndashika.

"Bwana asifiwe."

"Amina," akasema Yunisi, bila kuinuka. "Karibu, Mheshimiwa. Karibu kiti."

"Sikai. Napita tu." Lakini hakupita. Alizunguka ua. Alishika kamba ya nguo, akaiachia. Alitazama mtoni, akageuka kama aliyeitwa. Alikuwa amekonda, na koti lilimning'inia.

"Hezroni," akasema, "siku ile ulipolala pale. Uliogopa?"

"Sana."

"Mimi…" Akazunguka tena. "Mimi siku ile sikuambiwa kitu. Nilisimama pale nikasikiliza. Kimya. Nilisikia miguu yangu tu. Nimelieleza jambo hili mara nyingi kwa namna nyingine hata usingizi umenikimbia."

Hezroni aliweka shoka chini. "Hata mimi sikuambiwa kitu, Mheshimiwa. Nilijua tu nondo hazipo."

Simu ya Waziri ikalia. Akaitazama, akaipokea haraka, na papo hapo sauti yake ikanenepa, ikawa ile ya uwanjani. "Bwana asifiwe, Baba Askofu! Ndiyo… ndiyo… Hapana, hunisumbui, niko kwenye maombi."

Akasita. Yunisi aliendelea kumenya muhogo. Hezroni hata hakumtazama. Alikuwa anaokota vibanzi. Mimi nilitazama tarumbeta yangu.

"Hapana," Waziri akasema kwenye simu, na sauti ikapungua. "Siko kwenye maombi. Niko kwa Lutandula." Akasikiliza. "Ndiyo, huyo huyo." Sauti ya upande wa pili ilipanda hadi tukaisikia sote. "Jumapili sitaweza kushuhudia, Baba Askofu. Sina cha kushuhudia. Nina cha kusema, lakini si hicho."

Akaishusha simu bila kuikata. Yunisi akajipangusa viganja kwenye kanga, akamsogezea kigoda kwa mguu, na Mheshimiwa Filemoni Ndashika akakaa chini katikati ya maganda ya mihogo. Kwenye simu, pajani mwake, Askofu alikuwa bado anaita, sauti ndogo kama ya mbu:

"Mheshimiwa, uko wapi? Nasema, uko wapi?"